Rhoda na Sindano za Usoni

Wanangu mlioingia kwenye uuguzi juzi, nimesikia kuna wenzenu wanatembea na mabomba ya sindano kwenye mikoba ya mkononi, katikati ya rangi ya mdomo na chaja ya simu. Wanaitwa saluni, wanaitwa majumbani, wanachoma watu mashavu na midomo, halafu asubuhi wanavaa sare na kuja kazini kuwasalimia wakubwa zao kwa heshima zote. Msinibishie. Ukiondoa malori, Tunduma ni mji mdogo, na nimekaa hapa muda wa kutosha kujua nani anatokea mlango wa nyuma wa saluni gani.

Mimi nimestaafu mwaka juzi. Karibu miaka arobaini nimechoma sindano: watoto wa chanjo, wajawazito, wanaume wenye misuli kama magogo ambao wakiona sindano wanaanza kuita mama zao. Kwa hiyo sindano siiogopi wala siichukii. Ila naandika haya nikiwa nimekasirika, nisiwafiche. Wamenikasirisha akina mama, mmenikasirisha ninyi, na kwa sehemu kubwa nimejikasirikia mwenyewe, kwa jambo ambalo nitalifikia.

Kazi niliianzia Kamsamba, kule bondeni, ambako joto lilikuwa linayeyusha mishumaa ikiwa kabatini. Enzi hizo mabomba yalikuwa ya kioo. Tulikuwa tunayachemsha kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa, tunayatoa kwa koleo, na sindano zenyewe tukizinoa kwenye jiwe dogo zikiwa butu. Mkubwa wangu pale alikuwa Sista Debora, mama mmoja mfupi, mnene, asiyecheka ovyo. Siku moja zahanati imejaa, watu wanalia, nikachukua kichupa cha dawa kabatini, nikavunja shingo yake, nikavuta. Sista Debora akanishika mkono.

"Umevuta nini?"

Nikamtajia.

"Nisomee."

Nikaokota kile kichupa, nikasoma. Haikuwa dawa niliyoitaja. Vichupa vilifanana urefu, vilifanana rangi, na mimi nilikuwa nimechoka. Mama aliyekuwa kitandani alikuwa ameshafunua nguo anasubiri, hajui lolote. Sista Debora hakunigombeza mbele yake. Alinipeleka nyuma ya jengo, akaniambia lebo inasomwa mara tatu: unapoitoa dawa kabatini, unapoivuta, na unapokitupa kichupa. Na inasomwa kwa sauti. Tangu siku ile hadi nastaafu nimesoma lebo kwa sauti, hadi wagonjwa wengine wakadhani naomba.

Kitu kilichokuwa kinanichosha Kamsamba ni kuombwa sindano. Kule mgonjwa ukimpa vidonge anaona umemdharau. Mama anaumwa goti, ametembea kutoka mashambani tangu alfajiri, unampa vidonge anavigeuzageuza mkononi, anakuuliza, "Yaani hata moja hujanichoma?" Sindano ndiyo ilikuwa matibabu, mengine yote ni porojo. Lakini mama huyohuyo ukimwambia mtoto anatakiwa chanjo, anamfunga mgongoni anatoroka kupitia kwenye mpunga. Nikawa nasema moyoni, watu hawa siku moja watakuja kunitoa akili.

Basi nikahamia Tunduma, miaka ikaenda, mabomba ya kioo yakaisha, yakaja ya plastiki ya kutumia mara moja, na wanawake wakaanza kuniuliza habari za sindano nyingine kabisa. Kwanza zilikuwa za kung'arisha ngozi. Baadaye zikaja hizi za kunyoosha uso. Wanaziita botoksi, wanaziita filla, wengine wanasema tu "kujazwa". Ya kwanza inalegeza misuli ili paji la uso lisikunjike, ya pili ni kitu kama jeli kinachowekwa chini ya ngozi kujaza mabonde. Kazi zake zipo, na wapo madaktari waliozisomea miaka. Siwasemi hao.

Nawasema akina mama wetu. Mkutano wa wanawake kanisani, mada ni uzuri wa ndani, wote wanaitikia, wote wanatikisa vichwa kuwasikitikia wanaojichoma. Tukitoka, mmoja ananivuta kando karibu na tangi la maji: "Sista, hivi ile sindano inauma sana?" Nageuka, mwingine yuko nyuma yangu anasubiri zamu. Kwenye benchi la kliniki nimesikia mabishano ya kila aina. Mmoja anasema uso ameuumba Mungu, usiguswe. Jirani yake anamjibu, "Hata meno aliumba yeye na bado unayapiga mswaki." Mama mwingine wa makamo, mkulima wa kahawa kutoka Iyula, alisema yeye mikunjo yake ameipata kwa kukodoa macho juani na hamwachii mtu, kisha akainama akaniuliza kama ile ya kuondoa weusi chini ya macho ipo, kwa sababu hiyo siyo mikunjo. Nilikuwa nacheka. Nilikuwa nacheka sana, na hapo ndipo lilipo kosa langu.

Sasa niwaeleze habari za Rhoda.

Rhoda tumekua pamoja Iyula. Tumechuma kahawa kwenye mashamba ya baba zetu tukiwa na vikapu vya kufunga kiunoni, tumebatizwa siku moja. Mimi nikaenda uuguzi, yeye akaolewa Tunduma akafungua meza ya vitenge, meza ikawa banda, banda likawa duka. Watu wanamwita Mama Neema, kwa jina la binti yake. Wateja wake wengi ni Wazambia, na kwenye biashara anaongea Kibemba kuliko wenyewe.

Ninyi mnaojua Kibemba mtanielewa haraka. Kwa Wabemba mama mzazi ni "bamayo", na bibi ndiye "bamama". Miaka yote wateja walikuwa wanaingia dukani kwa Rhoda wakisema, "Bamayo, nionyeshe kile cha juu." Halafu, bila taarifa, wakaanza kusema "Bamama". Mswahili akisikia hapo haoni tofauti yoyote. Rhoda aliiona. Aliniambia mara ya kwanza alidhani amesikia vibaya. Mara ya pili alimtazama yule mteja, mwanamke wa umri wake kabisa, akafungasha kitenge.

Halafu likaja la kitchen party ya Neema, ile sherehe ya akina mama kumfunda bibi harusi. Mpiga picha, kijana wa watu asiye na hatia, alikuwa anapanga watu wa kupiga picha na bibi harusi mtarajiwa. Akasema kwenye kipaza sauti, "Sasa naomba bibi mzaa mama apite hapa." Alikuwa anamnyooshea mkono Rhoda. Ukumbi ukacheka, Rhoda naye akacheka, picha ikapigwa. Ninayo hiyo picha. Ukiitazama utaona kila mtu anacheka kwa macho isipokuwa mmoja.

Jumapili iliyofuata alikuja nyumbani kwangu. Nilikuwa jikoni nachambua maharage. Akakaa kwenye kigoda, akasema, "Tabita, kuna ile sindano ya kujaza hapa." Akajigusa pembeni ya pua, pale mkunjo unaposhuka hadi kwenye kona ya mdomo. "Kuna mtu anachoma hapa mjini. Lakini mimi nakujua wewe. Nataka mkono wako. Dawa nitaitafuta, wewe unichome."

Nikacheka. Wanangu, sikutabasamu, nilicheka mpaka maharage yakamwagika kwenye ungo. Nikamwambia, "Rhoda, na uzee huu? Unataka kugombania mkwe na binti yako?"

Akaniangalia. "Wewe uso wako hauuzi kitu," akasema. "Mgonjwa akija anataka mkono mwepesi, hajali sura yako. Mimi wananiangalia kwanza, ndipo wanaangalia kitenge."

"Kwa hiyo vitenge havina soko kwa sababu ya makunyanzi?"

"Sijasema soko. Nimesema wananiangalia."

"Hata mumeo ameona?"

"Mume wangu hata nikivaa gunia haoni. Siyo habari ya mume. Naamka asubuhi sijisikii mzee hata kidogo. Naenda kwenye kioo, nakuta mtu mwingine kanitangulia, amechoka, amekasirika. Mimi sijakasirika, Tabita. Lakini uso umekasirika."

Hapo ndipo nilipotakiwa kuacha maharage. Nilitakiwa nimuulize ni nani anachoma, amesomea wapi, dawa inatoka wapi. Nilitakiwa nimweleze kwamba pale alipojigusa ndipo panapopita mshipa wa damu unaokwenda puani na kupanda hadi karibu na jicho, na mtu asiyejua akiimwaga ile jeli ndani ya mshipa, nyama ya mbele inakosa damu na kufa. Nayajua haya. Nilikuwa nayajua siku ile. Badala yake nilimwambia akapake vaselini alale.

Akaaga vizuri, akanisaidia hata kuokota maharage. Akaenda.

Send-off ya Neema, sherehe ya kumuaga kwao, ilikuwa imebaki wiki mbili na ushee. Siku ya Alhamisi, Rhoda akachomwa. Mimi sikujua. Jumamosi hakufungua duka, nikasikia ana mafua. Jumapili kanisani hakuonekana. Jumapili mchana nikampigia simu, akasema yuko sawa, sauti inatoka kama mtu anayeongea na kitambaa mdomoni. Hata hapo sikustuka. Nilijisemea labda amekasirika kidogo, yataisha.

Jumatatu asubuhi nafika kituo chetu cha afya, namkuta amekaa mwisho wa benchi, amejitanda kitenge usoni kama mtu aliyefiwa. Wagonjwa wengine wamemwachia nafasi. Nikamwambia, "Rhoda?" Akakishusha kitenge.

Upande wa kushoto, kuanzia kwenye mkunjo wa pua hadi juu ya mdomo, ngozi ilikuwa ya zambarau yenye mistari kama ya jani. Bawa la pua lilikuwa limeanza kuwa jeusi. Nikabonyeza kwa kidole nikaachia. Jifunzeni hili, wanangu: ngozi nzima ukiibonyeza inapauka, ukiachia rangi inarudi kabla hujamaliza kusema jina lako. Ya Rhoda niliibonyeza, nikaachia, nikasubiri. Haikurudi.

"Imeanza lini?"

"Palepale. Alipochoma tu nilisikia moto, pakawa peupe. Akaniambia ni kawaida, nikande kwa barafu."

"Barafu! Na tangu Alhamisi umekaa nyumbani unaumwa hivi?"

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuja, Rhoda? Nyumba yangu si unaijua?"

Akanitazama kwa jicho moja, jingine lilikuwa limevimba. "Ungecheka," akasema.

Nimewahi kugombezwa na wakubwa, nimewahi kutukanwa na ndugu wa marehemu, lakini hilo neno moja ndilo lililonikaa.

Daktari wetu kituoni, kijana makini, alimtazama akasema huyu ni wa kwenda Mbeya sasa hivi, kwenye hospitali kubwa. Akasema kuna aina ya jeli inayoyeyushwa kwa dawa maalumu, na kuna aina isiyoyeyuka. "Mkifika mtaulizwa amechomwa nini," akasema. "Tukijua jina, tunaokoa muda."

Nikamuuliza Rhoda jina la dawa. Hajui. Boksi aliliona? Lilikuwa jeupe lenye ua. Nani alichoma? Anaitwa Dokta Anita, chumba cha nyuma cha saluni moja karibu na stendi. Wakati gari linatafutwa nikapanda bodaboda na sare yangu, kofia mkononi.

Nilipita katikati ya akina dada wanaosukwa, nikasukuma pazia. Ndani kuna kiti cha kulaza, taa ya pete ile ya kupigia picha, na msichana amevaa koti jeupe ameshika bomba. Kwenye kiti kuna mwanamke mwingine, uso umeshapakwa spiriti, macho ameyafumba. Msichana akageuka.

Nilimfahamu. Alikuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo akiwa chuoni, miezi kadhaa, na aliyemshika mkono kumfundisha kuchoma sindano ya kwanza ni mimi. Alikuwa mzuri. Wagonjwa walikuwa wanamwomba kwa jina.

"Sista," akasema, na mkono wenye bomba ukashuka.

"Anita. Hiyo ni nini umevuta?"

"Filla, Sista."

"Nisomee lebo."

Akachukua kile kichupa, akakiangalia, akanipa mimi. Maandishi yalikuwa ya Kichina au Kikorea, sijui, vijumba vidogo vidogo vimepangana. Hakuna hata neno moja ninaloweza kulitamka.

"Ulitufundisha tusome mara tatu," akasema. "Nilisoma. Sijaelewa hata mara moja."

Huwezi kuamini, nilitaka kucheka tena. Nikawaza, kama nikicheka sasa hivi nitaanguka. Nikamwambia yule mwanamke wa kwenye kiti, "Dada, amka uende nyumbani." Akafumbua macho, akanikasirikia. Akasema ameshapanga foleni tangu wiki iliyopita, na mimi ni nani. Nikamwambia aliyechomwa Alhamisi pua yake inakufa. Akamwangalia Anita, akaniangalia mimi, kisha akauliza, "Inakufa yote au upande?" Haki ya Mungu aliuliza hivyo. Nikamshika mkono nikamtoa nje ya pazia.

Anita alikuwa amekaa chini. "Nimemaliza chuo mwaka wa nne huu," akasema. "Kila ajira zikitangazwa naomba. Nimejitolea Galula bila chochote, kila siku naomba lifti ya pikipiki ya wachimbaji. Kuna dada alikuja akatufundisha hii, siku tatu, akatupa cheti. Akina mama wenyewe wananibembeleza, Sista. Nikikataa wanakwenda kwa asiyejua hata kushika sindano."

"Na wewe unajua?"

Akairudishia sindano kifuniko chake.

"Ulimchoma kiasi gani? Ulichoma juu juu au ndani? Ulivuta nyuma kwanza kuona kama kuna damu?"

"Sikuvuta."

Wanangu, maneno niliyotaka kumwambia yalikuwa mengi, na mengine si ya mtu aliyeokoka. Lakini nilikuwa na gari linasubiri. Nikamwambia, "Chukua boksi, chukua vichupa vyote, vaa viatu. Tunakwenda Mbeya."

"Watanikamata."

"Watakukamata baadaye. Sasa hivi wewe peke yako ndiye unayejua kilicho ndani ya uso wa Rhoda."

Akavaa viatu. Hilo nampa hadi leo. Angeweza kukimbilia ng'ambo, mpaka uko hatua chache tu, na hakukimbia.

Safari ile siitamani tena. Malori yamejipanga kutoka mpakani yanapumua moshi, dereva anapita pembeni kwenye vumbi. Nyuma tumekaa watatu, Rhoda katikati. Badala ya barafu tulimwekea kitambaa cha maji ya uvuguvugu, na Anita akawa anamkanda taratibu kwa vidole, kuanzia puani kwenda shavuni, kama daktari wetu alivyotuelekeza. Tukapita Vwawa. Kisha Rhoda, macho amefumba, akasema, "Mkono wako ni mwepesi, mwanangu. Ndiyo maana nilikuamini." Anita akaanza kulia, machozi yanamdondokea Rhoda kifuani, na mkono hauachi kukanda.

Mbeya, daktari bingwa aliwauliza wote wawili, na Anita alieleza kila kitu bila kujitetea: wapi, kiasi gani, kwa sindano ya ukubwa gani. Yule daktari alipiga picha ya lebo akawatumia wenzake, jibu likaja kwamba ni ile aina inayoyeyuka. Dawa yake haikuwepo, ikaletwa kesho yake kwa ndege kutoka Dar es Salaam. Walimchoma mara nyingi upande ule wa kushoto. Jicho likapona. Rangi ikarudi shavuni na juu ya mdomo. Bawa la pua halikurudi lote. Kipande cha ukubwa wa punje ya hindi kilikauka, kikaanguka, kikaacha pengo.

Nikamkuta daktari kwenye korido, nikamuuliza kile ambacho nilikuwa najua jibu lake. Angekuja Alhamisi ileile ingekuwaje? Akasema, "Sista, siku ya kwanza ndiyo siku yenyewe." Akaenda kuona wagonjwa wengine.

Send-off ilifanyika kama ilivyopangwa. Asubuhi nilikwenda nyumbani kwa Rhoda kumsafisha kidonda, nikamfunga bandeji ndogo safi kuliko zote nilizowahi kufunga. Nikamwomba msamaha nikiwa nimeshika koleo na pamba, kwa sababu bila kitu mkononi nisingeweza. Akasema, "Funga vizuri, watu wanangoja." Ukumbini akatembea hadi meza ya mbele na bandeji yake usoni, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kitu. Mpiga picha alikuwa yuleyule. Alisema "mama wa bibi harusi" mara nne, kwa sauti kubwa, mpaka ikawa inaudhi.

Kuhusu Anita, niliandika taarifa mimi mwenyewe. Mama yake alikuja kwangu akapiga magoti sebuleni, akaniomba nisiandike. Niliandika. Wahusika wakaja, chumba kikafungwa, na yeye akasimamishwa asiguse mgonjwa. Sasa yuko kwa kaka yake, analima mpunga. Yule dada wa mafunzo ya siku tatu, aliyempa dawa na cheti, hakupatikana. Anafundisha wengine mahali pengine, nina hakika, na hilo linanichefua kila ninapolifikiria.

Baada ya kustaafu nimekuwa na muda, kwa hiyo mara nyingi nashinda dukani kwa Rhoda. Mwanzoni alikuwa anawadanganya wateja kuhusu lile pengo. Huyu anaambiwa ni mafuta ya moto, huyu pikipiki, mwingine mbwa. Halafu siku moja alichoka kukumbuka nani alimwambia nini, akaanza kusema ukweli. "Nilichomwa sindano nionekane kijana. Ikakata damu, pua ikafa. Ona." Anainua kidevu, anaonyesha. Nilifurahi. Nilidhani hapo sasa, hilo litawafundisha kuliko mahubiri yangu yote.

Wiki mbili zilizopita aliingia dada mmoja wa Kitanzania, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, amevaa vizuri, ana uso mzuri tu wa mtu anayefanya kazi. Akauliza kuhusu pengo. Rhoda akamweleza yote: Alhamisi, moto, weupe, weusi, Mbeya, punje ya hindi. Yule dada akasikiliza ameshika mdomo. Akasema pole. Akasema pole tena. Kisha akasogea karibu, akageuza kichwa kidogo, akamtazama Rhoda upande wa kulia, ule ambao haukuharibika na haukuyeyushwa.

"Lakini huku," akasema kwa sauti ya chini, "huku pamekaa vizuri sana, dada. Nani alikuchoma?"

Nilisimama. Nilikuwa na maneno tayari, ya miaka arobaini. Rhoda akaniwekea mkono begani, akanikalisha. Akamvutia yule dada kiti, akamwambia, "Kaa. Unataka kuchomwa wapi?" Na yule dada akajigusa palepale pembeni ya pua, na akaanza kueleza, si habari za mikunjo, ila za mkubwa mpya wa ofisini kwao aliyemuuliza mbele ya watu anastaafu lini. Rhoda akamsikiliza hadi mwisho, vitenge vimelala kwenye meza, wateja wanasubiri. Kisha akamwonyesha kwa kidole mshipa unakopita, kama nilivyomwonyesha mimi alipokuwa amelazwa. Akamtajia mambo ya kuuliza: daktari gani, hospitali gani, lebo inasomeka, dawa ya kuyeyusha ipo hapohapo au haipo. Akamwambia ikiwa peupe asikae nyumbani hata saa moja.

Yule dada akashukuru, akanunua kitenge, akatoka. Kama alikwenda kuchomwa au hakwenda, hatujui. Nadhani alikwenda.

Kwa hiyo atakuja kwenu, huyo au mwenzake, amejitanda nguo usoni, amechelewa siku mbili, na mtatamani kumwambia mengi. Bonyezeni ngozi kwanza. Rangi isiporudi, andikeni rufaa ya hospitali kubwa palepale.